Pambano Alilolikataa Hiza

Korogwe,
3 Februari 1974

Kwa Baba mkubwa Hiza Mbwana, Sindeni.

Shikamoo Baba mkubwa, na shikamoo ya pili mfikishie Mama mkubwa Mwantumu. Sisi huku hatujambo. Shule zimefunguliwa, nimepewa darasa la nne, watoto wamebanana madawatini kama mihogo kapuni. Baba yuko Tanga, bado anafundisha vijana ngumi, ila goti linamsumbua asubuhi. Mama anawasalimu sana. Tumesikia mmehamia kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba imekwisha, au bado mnalala mkihesabu nyota?

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mwaka huu chama kinatimiza miaka ishirini, na huku kwetu kitatolewa kijitabu cha wanamichezo siku ya Saba Saba. Bwana Utamaduni wa wilaya ametugawia kazi walimu. Mimi nimepewa ngumi kwa sababu ni binti wa Mhina Mbwana, na nani hapa Korogwe asiyemjua Mhina Mbwana? Ukurasa wake niliumaliza jioni moja. Nairobi, Kampala, vikombe, picha gazetini. Hayo hata wanafunzi wangu wanayajua.

Lakini nilipofika mahali pa kuandika nani alimfundisha, kalamu ilisimama. Nyumbani tukimuuliza Baba husema, "Kaka alinionyesha," kisha anaomba maji ya kunywa. Na hapa mjini nikitaja jina lako wazee wanacheka: "Hiza? Si yule aliyemkimbia Paulo?" Nimechoka na kicheko hicho, Baba mkubwa. Nataka uwe na ukurasa wako. Niambie ulianzaje, ulimpiga nani, na ilikuwaje ile Jumapili ya mwaka 1958 hukupanda ulingoni kupigana na Paulo.

Kama nimeuliza vibaya, nionye kama mwanao.

Zuena Mhina


Sindeni,
24 Februari 1974

Mwanangu Zuena,

Marahaba. Barua yako ilikaa Handeni kwa Kudra, yule muuza chumvi, mpaka alipokumbuka kwamba Sindeni nako kuna watu. Hii ninayokujibu nimeiandika kwa mkono wangu. Nimemaliza kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usizicheke herufi zangu zikilala. Zimetoka shamba.

Sisi wazima. Nyumba imeezekwa. Mama yako mkubwa jicho la kushoto lina ukungu, lakini bado linamwezesha kuniona nikikosea. Mvua hakuna. Mahindi yalifika magotini yakasimama, kama yanayongoja ruhusa.

Umeuliza nilianzaje. Baada ya vita alikuja kambini kwetu kwenye mkonge askari mmoja wa keya, jeshi la Mwingereza, katoka Burma. Alijaza gunia makapi ya mkonge akalining'iniza nyuma ya kiwanda, akatuambia, "Lipigeni hili, muache kupiga wake zenu." Wengine walilipiga siku chache wakachoka. Mimi sikuchoka. Nilikuwa nikitoka kukata mkonge, mikono imejaa miiba, nalipiga mpaka giza liingie. Nimepigana kambi zote za mkonge toka Korogwe hadi Muheza. Tanga mjini nilimlaza chini baharia aliyenizidi uzito. Nimepigwa pia, na walionipiga walinipiga kwa haki. Andika na hilo.

Swali lako la mwisho watu wameshalijibu. Alikimbia. Ni neno moja tu, halitakumalizia wino.

Habari njema ni kwamba kijiji kimenipa vijana niwafundishe. Jioni tukitoka shamba la ujamaa tunakutana nyuma ya ofisi. Mwezi wa nane watakwenda kushindana Handeni. Wawili kati yao wana mikono kweli.

Ni mimi baba yako,
Hiza


Korogwe,
17 Machi 1974

Baba mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii haitalala dukani kwa Kudra. Mama mkubwa mwambie alilete jicho lake hospitali ya huku, atalala kwangu. Mimi nilikuwa na homa, imeisha.

Nimekwenda Kwashemshi kumtafuta Mzee Paulo. Usinikasirikie kabla hujasoma. Nilimkuta akipalilia migomba, mvi kichwa kizima. Nilipojitaja akaliweka jembe chini.

"Binti wa Mhina! Umekuja kunipiga na wewe?"

"Nimekuja kuuliza habari za Hiza. Ni kweli alikuogopa?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hiza aniogope mimi? Alikuwa ameshanipiga mara mbili. Mara ya pili taya halikufunguka, Raheli mke wangu akanilisha uji kama mtoto mchanga. Siku ile aliyekuwa anatetemeka ni mimi. Nilipoona anayepanda ulingoni ni mdogo wake, nikamshukuru Mungu. Nilishukuru mapema mno."

Nikamuuliza kwa nini hukuja. Akanitazama kana kwamba namtania.

"Si watu wa mkonge walikuwa kwenye mgomo? Uwanjani tulikuwapo makarani, wanyapara na sisi wa nyumbani kwa meneja wa mkonge. Mimi nilikuwa dereva wake, mgomo haukunihusu. Hiza alikuwa mtu wa kamati ya mgomo. Angekujaje?"

Mgomo! Baba mkubwa, neno hilo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu hata siku moja. Nikamuuliza, basi haya maneno ya kukimbia yalitoka wapi? Akaniambia yalitoka kwako. Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, ulisema umemwogopa Paulo. Mpaka leo anashangaa.

Mimi nashangaa kuliko yeye. Ni mtu gani anayejisingizia woga? Na kama watu wa mkonge waligoma, na Baba alikuwa mkata mkonge kama wewe, siku ile alikuwa akifanya nini ulingoni?

Nangoja jibu.

Zuena


Sindeni,
9 Aprili 1974

Zuena,

Marahaba. Maulidi tumesoma salama, pilau ilikuwa ya kuonja tu. Mama yako mkubwa anakuja huko wiki zijazo na jicho lake. Mpokee.

Paulo ana mdomo mpana tangu zamani. Ndiyo maana taya lake lilikuwa rahisi kulipata.

Huku kuna jambo. Juzi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Muhidini, alisimama akasema vijana watakaokwenda Handeni watabeba jina la Sindeni, basi haifai wafundishwe na mtu aliyekimbia ulingo. "Atawafundisha nini? Mbio?" Watu wakacheka. Nikasimama na mimi, nikasema, "Sawa. Anayejua kupigana asogee mbele awafundishe yeye." Hakusogea mtu. Hata hivyo wakaamua nirudishe glovu, maana ni mali ya kijiji. Nimezirudisha. Nilizipangusa vumbi kwanza.

Wasidhani wameniweza. Sasa tunafanyia mazoezi uani kwangu, vijana wamefunga matambara mikononi. Walikuwa wengi, wamebaki watano. Watano wanatosha. Siombi ruhusa ya mtu kufundisha nyumbani kwangu.

Kuhusu baba yako usiniulize tena. Yule ni mzazi wako. Mheshimu.

Hiza


Korogwe,
19 Mei 1974

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mama mkubwa amerudi huko salama, naamini. Dawa ya jicho asiikatishe. Alikaa kwangu siku nne, na mimi sitaficha: nilimuuliza.

Alikataa. Alisema hilo ni lako, si lake. Lakini alipokuwa akipanga nguo zake arudi, aliniambia bila kunitazama, "Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzi katika nyumba ile. Niliona mume wangu amesimama mlangoni, na nje kuna watu wana visu vya mkonge. Mtu anayesimama pale akasema anaogopa, mwanangu, haogopi." Kisha akaniomba kamba ya kufungia mzigo.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Tanga kwa Baba. Nilimngoja amalize kuoga, nikamwandalia chakula, nikamuuliza, "Baba, mwaka 1958 watu walipogoma, wewe ulipanda ulingoni kwa ajili ya nani?"

Alirudisha tonge sahani. "Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

"Kaka amelalamika?"

"Hajalalamika."

"Basi wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

Nikamjibu, "Kwa niaba yangu. Jina ninaloitwa ni lake pia." Aliinuka akaacha chakula. Nililala pale bila kuzungumza naye, asubuhi nikaondoka. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuondoka kwa Baba bila kumuaga.

Baba mkubwa, umeniambia nimheshimu. Nimemheshimu miaka yote kwa yale aliyoyafanya. Sasa mnaniambia nimheshimu kwa yale mnayoyaficha, na hilo siliwezi. Ukinyamaza nitaandika ninayoyajua: kwamba palikuwa na mgomo, wewe ukakataa kuuvunja, yeye akauvunja. Nikikosea, kosa litakuwa lenu ninyi mnaonyamaza.

Mwanao,
Zuena


Sindeni,
8 Juni 1974

Mwanangu Zuena,

Marahaba. Jicho linaendelea vizuri. Chakula kimekuwa kigumu, tumeanza kula mahindi ya njano ya msaada, lakini hatujalala njaa.

Barua yako nilimsomea Mama yako mkubwa mara mbili. Akaniambia, "Huyu mtoto ana kichwa chako. Mwambie, la sivyo ataandika upuuzi." Basi sikiliza, nakuambia mara moja.

Mgomo ulikuwa umeshika. Kambi nzima ilikuwa kimya, mkonge unakauka shambani. Meneja akatangaza ngumi siku ya Jumapili, Hiza na Paulo, na ng'ombe atachinjwa. Alijua watu wangenifuata. Wakishaingia uwanjani kwake, wakala nyama yake, Jumatatu wanyapara wangewaambia, mlikula jana, leo kateni. Karani wake alikuja kwangu, nikamwambia sipigani. Akasema, "Utaonekana umemwogopa Paulo." Nikamwambia, "Waone wanavyotaka. Sipigani."

Baba yako alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kila nilipopigana yeye ndiye aliyenishikia taulo. Usiku wa Jumamosi aliniambia, "Kaka, wewe umeshapigana sana. Mimi lini?" Nikamwambia angoje mgomo uishe. Hakungoja.

Watu wengine wangekuambia alikuwa na shida, sijui mtoto mgonjwa, sijui njaa. Njaa tulikuwa nayo wote. Yeye alitaka kupigana, basi. Alikuwa na mkono wa kulia ambao sijauona kwa mtu mwingine mpaka leo, na ulikuwa unaozea kwenye taulo langu. Alimwangusha Paulo raundi ya pili. Kulikuwa na mgeni kutoka Tanga amekaa na meneja, ndiye aliyemchukua baadaye.

Magharibi wakaja kwetu watu wa kamati na visu vya mkonge. Aliyetangulia ni Muhidini, huyu huyu mwenyekiti wetu wa leo. Akasema, "Hatutaki kumuua. Tunataka mikono yake tu." Mhina alikuwa ndani. Mama yako alikuwa ndani amekukumbatia wewe, una miaka mitatu, unalia. Mimi nikasimama mlangoni.

Ningewaambia nini? Kwamba ni kijana? Wote walikuwa vijana. Nikasema, "Aliyekubaliana na meneja ni mimi. Kisha nikamwogopa Paulo, nikajificha. Mdogo wangu ameingia kunifichia aibu. Mikono mnayoitaka ni hii." Nikawanyooshea.

Wakaangalia mikono yangu. Kisha mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Hiza kamwogopa Paulo! Mtu anayecheka kisu chake kinashuka chenyewe. Muhidini hakucheka. Alitema mate miguuni pangu akaondoka. Alfajiri baba yako alikwenda Tanga.

Mimi meneja alinifukuza kazi kwa sababu nilikataa, na wenzangu walinitoa kwenye kamati kwa sababu nilikubali. Nani angekuja kunitazama nikipigana tena? Nikarudi Sindeni kulima. Uhuru ulipokuja, usaliti watu waliusahau. Woga hawakuusahau, maana woga unachekesha.

Sasa umejua. Kukimbia ni kitu kimoja na kukataa ni kingine. Mimi nilikataa. Nilikataa mara mbili, kwa meneja kabla ya Jumapili na kwa wenzangu jioni yake, na sijutii hata moja. Usiandike kwamba nilidhulumiwa. Usiandike maskini Hiza. Na ukimwandika baba yako msaliti, ujue sikuwapa mikono yake wale watu, na wewe sitakupa.

Hiza


Korogwe,
14 Julai 1974

Baba mkubwa wangu,

Shikamoo. Nawaombea afya, na Mama mkubwa pia. Barua yako niliisoma shuleni, nikashindwa kuingia darasani. Mwalimu mwenzangu akanishikia kipindi.

Niliandika ukurasa wako. Niliandika askari wa keya na gunia lake, baharia wa Tanga, na walivyokupiga wale waliokupiga. Niliandika kwamba pambano la mwisho ulilikataa kwa sababu ya mgomo. Juu ya Baba nikasema tu kwamba siku hiyo ndipo alipoanza. Mlangoni kwenu sikupagusa, hilo si la kijitabu.

Bwana Utamaduni ni mtu mzuri, ila ana haraka. Alisoma akasema sherehe haitaki mambo marefu. Akashauri niandike mstari mmoja chini ya picha ya Baba: "Kaka yake, Hiza, naye aliwahi kupigana." Nikamwambia, "Naye aliwahi? Kama Hiza hana ukurasa, Mhina naye hana." Akadhani natania. Nikazichukua karatasi zote mbili mezani kwake nikaondoka. Kijitabu kimetoka. Kina mbio, kina mpira, kina ngoma. Ngumi haimo.

Siku ya Saba Saba Baba alikuja, alikuwa mgeni wa heshima. Akapewa kijitabu, akakifungua mbele, akakifungua nyuma. Akanitafuta kwenye kundi la walimu.

"Zuena, mimi simo?"

"Humo. Nimekutoa mimi."

Nilitegemea kofi. Nilimweleza palepale, wimbo wa watoto ukiendelea: kwamba Sindeni bado wanakucheka, kwamba umenyang'anywa glovu mkutanoni, na nani aliyezichukua. Alinisikiliza akinitazama mdomo, kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akauliza, "Bado wanamwita hivyo? Mpaka leo?"

"Mpaka leo, Baba. Wewe ulidhani wameacha lini?"

 Baada ya sherehe hakukaa kula. Aliniuliza basi la Handeni huondoka saa ngapi, lakini siku ile alirudi Tanga. Sijui ana nini moyoni. Nakuandikia usije ukashtuka akitokea.

Mwanao asiyejuta,
Zuena


Sindeni,
25 Agosti 1974

Mwanangu Zuena,

Marahaba, na nyingine juu yake. Mama yako mkubwa anakusalimu, anasema umetutia kwenye mambo. Mimi naandika polepole kwa sababu kidole gumba kimevimba, na ukiona doa kwenye karatasi usiogope, ni dawa.

Baba yako alikuja Ijumaa, wiki mbili zilizopita, baada ya swala. Alishuka kwenye basi na mfuko begani. Watoto wakapiga kelele, "Mhina! Mhina Mbwana!" Watu wakamiminika. Muhidini akaleta kiti cha ofisini, akapangusa kwa kanzu yake. Mimi nilikuwa uani na wale watano wangu, sikutoka. Akanifuata huko huko, na kijiji kizima nyuma yake.

Akanipa shikamoo, nikaitikia. Akawageukia watu, "Ndugu zangu, nimekuja hapa kusema jambo..."

Nikamwambia, "Usiseme kitu. Maneno niliyasema mimi siku ile, yakatosha. Mfukoni una nini?"

"Glovu. Nimeleta za vijana wako."

"Vaa."

"Kaka, una miaka arobaini na minne."

"Na wewe una goti bovu. Vaa."

Watu walicheka, kisha wakaona mimi sicheki. Vijana walizungusha kamba ya mkonge kwenye miti minne. Kudra, aliyekuja na basi lile lile, akapewa kengele, yaani ringi ya gurudumu na nondo.

Raundi ya kwanza alinizunguka tu. Anapendeza kumtazama hata leo, sitadanganya. Nilimfukuza kama mtu anayefukuza kuku. Raundi ya pili, nilipomsogelea, akashusha mikono yote miwili. Akasimama tu, uso wazi.

"Inua mikono," nikamwambia.

"Nipige, kaka. Nimekuja unipige."

Hasira niliyoipata hapo, Zuena, sikuwahi kuipata siku ya visu. "Nani amekuita uje kulipa? Unataka nikupige kofi la msamaha, urudi Tanga umepona? Mimi nimengoja miaka yote hii kupigana na Mhina Mbwana. Pigana, au toka kwenye uwanja wangu!"

Aliinua mikono. Na alipigana.

Ule mkono wa kulia sikuuona ukija. Nilijikuta nimelala, mchanga mdomoni, kijiji kimya. Katika kimya kile nikamsikia Mama yako mkubwa: "Hiza! Umelala wapi, mchana wote huu?" Nikainuka. Miguu haikutaka, nikainuka nayo hivyo hivyo. Baba yako alikuwa ameshaanza kuvua glovu, akidhani yamekwisha. Nikamngoja azifunge tena, kisha nikampiga kwa mkono wa kushoto, pale chini ya mbavu nilipomfundisha mwenyewe kupalinda. Alikaa chini kama mtu aliyekaribishwa mkeka.

Kudra alisahau kupiga kengele. Tuliendelea mpaka tukabaki tunashikiliana ili tusianguke, mimi namwegemea yeye, yeye ananiegemea mimi. Nani alishinda? Waulize watu wa Sindeni, kila mmoja ana jibu lake na wameshaanza kugombana.

Hapo nikamwambia, "Sasa sema."

Akasema akihema, glovu bado mikononi. Akawaambia habari ya mlangoni, yote. Akasema, "Mikono hii mnayoipigia makofi ilikuwa ikatwe. Huyu aliwaambia ni mwoga ili mimi nibaki nayo. Nami nikaenda kubeba vikombe, nikamwachia yeye kicheko chenu. Mwenye kumcheka Hiza tena, anicheke mimi kwanza, niko hapa."

Hakucheka mtu. Muhidini aliinuka kutoka kwenye kile kiti alichomletea mgeni. Alikuja mpaka kwenye kamba, akaishika.

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Niliwadanganya."

"Sisi tulikuwa na haki, Hiza. Mgomo ulikuwa wa haki."

"Ulikuwa wa haki. Ndiyo maana sikupigana."

"Na ulitudanganya."

"Na leo mkija na visu nitawadanganya tena."

Akatikisa kichwa. Nilidhani ataondoka. Akasema, polepole, kwa sauti ya mzee, si ya mwenyekiti, "Tungemkata kweli."

"Najua, Muhidini. Nilikuwapo."

Asubuhi yake zile glovu za kijiji zililetwa nyumbani na mjumbe. Nilimwambia aziache kizingitini. Sikumshukuru, na sikuzikataa. Vijana sasa wamefika kumi na tisa, wengine ni wale walioniacha mwezi wa nne. Hao nimewaweka mstari wa nyuma mpaka watoke jasho la kutosha. Handeni tulikwenda, tumeshinda mapambano mawili, tumepigwa matatu, na hatukupigwa vibaya.

Baba yako alikaa kwetu siku mbili. Tulikula sahani moja, kila mmoja akitafuna upande mmoja wa mdomo.  Jioni ya pili aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia hata mimi kwamba bado wanakucheka?" Nikamuuliza, "Kwa nini hukuja kuona?" Tukaachia hapo. Kuna mengine baina yetu ambayo hayatapona, na hatukudanganyana kwamba yamepona. Lakini alipoondoka nilimbebea mfuko mpaka barabarani.

Umeniuliza kwa mdomo wa baba yako kama nataka ule ukurasa uchapwe mwakani. Ameniambia Bwana Utamaduni amekutumia salamu, eti safari hii yuko tayari kuandika Hiza alikuwa nani. Mwambie hivi: mimi sijawa mtu wa "alikuwa". Kila jioni jua likipoa niko uani kwangu Sindeni, na gunia la makapi, na vijana wangu. Akitaka kuniandika apande basi aje na kalamu yake. Na avae viatu vya kukimbilia, kwa maana sisi tunaanza na mbio.

Baba yako,
Hiza Mbwana
Bondia